Mkeka wa milimita 15, na bado kifandugu kinauma

SWALI: Habari za kazi. Naishi Kijitonyama, urefu wangu ni sentimita 168, uzito kilo 74. Nahudhuria mazoezi ya Pilates ya joto mara tatu kwa wiki kwenye studio moja Masaki. Chumba huwa nyuzi 35 hivi, saa nzima. Nilinunua Kariakoo mkeka mnene wa milimita 15 kwa sababu niliambiwa Pilates inataka mkeka mnene kuliko yoga. Kwenye planki, yaani mwili umenyooka juu ya viganja na vidole vya miguu, mikono inanikimbia mbele, na tukianza kubingirika kifandugu kinauma kama nimelala kwenye marumaru. Sasa mkeka umeanza kunuka uvundo, na kila siku nauanika barazani juani. Natumia daladala au bajaji, kwa hiyo sitaki mzigo kama gunia. Ninunue upi? Na huu niutupe?

JIBU: Dada, aliyekuambia Pilates inataka mkeka mnene hakukudanganya, ila alikupa nusu ya maneno. Pilates ya mkekani inaulaza uzito wa mwili juu ya pingili za mgongo, moja baada ya nyingine, na hapo mfupa unahitaji kinga. Lakini Joseph Pilates, Mjerumani aliyehamia New York miaka ya 1920, mazoezi yake hakuyapangia chumba cha moto. Joto limeingia baadaye sana, likitokea upande wa yoga. Ndiyo maana madukani utakuta mikeka ya Pilates minene na laini, ambayo ikilowa ni utelezi mtupu, na mikeka ya yoga ya joto inayoshika ikilowa lakini ni myembamba. Darasa lako linataka vyote viwili kwa mpigo, na mkeka mmoja unaotimiza vyote kikamilifu haupo. Kinachowezekana ni kununua mkeka kwa ajili ya kushika, halafu kinga ya mfupa ukaiongeza pale inapohitajika tu. Huo ulio nao ndio utakaokuwa kinga hiyo, kwa hiyo usiutupe.

Cha kununua ni hiki: mkeka wa mpira asilia wenye ngozi ya poliyurethani juu, unene milimita 5, upana sentimita 66 hadi 68, urefu 180 au zaidi kidogo. Pamoja nao, taulo mbili za maikrofaiba zenye ukubwa wa mkeka. Fedha zikibana, anza na taulo, na njia ya kujikimu nitaieleza huko mbele.

Kwa nini milimita 15 hazikukingi

Mkeka wa unene huo unaouzwa kwa bei nafuu karibu kila mara ni povu la NBR, mpira wa viwandani uliojazwa hewa. Ukiulalia dukani unausikia mtamu kama godoro. Fanya jaribio hili nyumbani: utandike kwenye sakafu ngumu, ukandamize kwa kidole gumba kwa nguvu zako zote. Ukiisikia sakafu chini ya kidole, kifandugu chako nacho kinaisikia. Unapobingirika, kilo zako 74 zinapita juu ya eneo dogo kama kizibo cha soda, hewa inabanwa yote, na milimita 15 zinabaki mbili au tatu. Mkeka mzito wa milimita 5 au 6 unabonyea kidogo tu kisha unagoma. Unene ulioandikwa kwenye lebo ni kipimo cha povu likiwa limepumzika. Kinachokukinga ni msongamano wake, na msongamano lebo haiuandiki.

Povu hilo lina ubaya mwingine. Kwenye planki, kisigino cha kiganja kinazama kuliko vidole, kwa hiyo kifundo cha mkono kinakunjika zaidi ya pembe mraba, na ukikaa hapo dakika moja unaanza kuumia mahali ambapo hapakuwa na shida. Ukisimama mguu mmoja, kifundo cha mguu kinatikisika muda wote. Na kwa kuwa povu linanyumbuka, mikono inalivuta mbele, miguu inalivuta nyuma, mkeka unarefuka chini yako. Mtu anasema ameteleza, kumbe nusu ya huko kuteleza ni mkeka wenyewe unaotembea.

Nusu nyingine ni jasho. Ngozi ya juu ya NBR imeziba kabisa. Jasho linakaa juu yake kama maji juu ya jani la magimbi, na vile vimistari vilivyochongwa ili vishike vinageuka mifereji. Katika chumba cha nyuzi 35 mtu mzima anaweza kutoa nusu lita hadi lita moja ya jasho kwa saa, wengine zaidi. Hewa ya Dar ina unyevu mwingi hata kabla hita haijawashwa, kwa hiyo jasho halikauki mwilini, linatiririka na kuishia mkekani. Ukisoma sifa za mkeka zilizoandikwa na mtu wa nchi kavu, lizingatie hilo. Mkeka unaomfaa kule na jasho lake linalokauka haraka unaweza kukushinda hapa ndani ya dakika kumi.

Kabla hujalaumu mkeka kwa kila kitu, angalia unavyobingirika. Katika zoezi la kubingirika kama mpira, mizani ya mwanzo iko nyuma kidogo ya mifupa ya kukalia, mgongo umepinda kama herufi C, kitovu kimevutwa ndani. Ukianza ukiwa umekaa wima kisha ukajitupa nyuma, unatua juu ya kifandugu chenyewe na hakuna mkeka utakaokuokoa. Mwisho wa safari ni kwenye mifupa ya mabega, shingo haiguswi. Mwombe mwalimu akutazame kwa ubavu mara moja tu, atakuambia. Na maumivu yakikufuata hadi kwenye kiti cha daladala siku inayofuata, acha mazoezi ya kubingirika mpaka daktari au mtaalamu wa fiziotherapia akuone.

Mkeka umetengenezwa kwa nini

Mpira asilia wenye ngozi ya poliyurethani ndio ninaokupendekezea, na lebo zake huandika PU na neno la mpira. Ngozi hiyo ya juu ni nyembamba sana, laini kama ngozi ya pochi, na inanyonya unyevu kidogo. Tone la jasho likidondoka linatandazwa na kuingia badala ya kusimama kati ya kiganja na mkeka. Chini yake kuna mpira mzito unaong'ang'ania sakafu na haunyumbuki ovyo. Kasoro zake tatu uzijue. Kwanza, inalowa ikashiba: darasa la saa nzima, baada ya dakika 35 au 40, eneo la mikono linaweza kujaa na kuanza kuteleza, na hapo ndipo taulo inapoingia kazini. Pili, inachubuka. Kucha ndefu za miguu, bangili na kibanio cha nywele chenye ncha vinaacha alama zisizofutika. Tatu, inapenda mafuta vibaya mno.

Hili la mafuta lastahili aya yake, maana ndilo linalowafanya watu wengi mjini waseme mkeka mzuri ni feki. Mtu anaoga, anajipaka losheni au mafuta ya nazi, anavaa, anaenda darasani. Joto linatoa jasho, mafuta yanateremka nalo, yanaingia kwenye ile ngozi ya mkeka na kuiziba. Wiki mbili hivi, mkeka wa bei kubwa unateleza kama ule wa bei ndogo. Siku ya darasa usijipake kitu kuanzia viwiko kwenda chini wala magoti kwenda chini, na ukifika studio nawa mikono na miguu kwa sabuni kabla ya kupanda mkekani. Kama umesuka na unapaka mafuta kichwani, tandika kitaulo kidogo upande wa kichwa. Doa la mafuta ya nywele kwenye poliyurethani hulitoi.

Jambo moja linaweza kukunyima mkeka huu kabisa. Kama glavu za mpira au maputo huwa vinakuwasha, kukutoa vipele au kukubana kifua, mpira asilia si wako, hata ukiwa umefunikwa juu. Nenda kwenye vinyli nzito.

Vinyli nzito, yaani PVC iliyoshindiliwa ya milimita 6, ni ngumu kuua. Haipitishi jasho, kwa hiyo hainuki upesi, na kwa kinga ya mfupa ndiyo bora kuliko yote niliyoitaja. Ila ikiwa mpya inateleza kwa sababu ya utando wa kiwandani, na hata ikizoeleka, kwenye jasho jingi bado itataka taulo kila siku. Utando unaondolewa kwa chumvi ya mawe: mwagia mkeka maji kidogo, nyunyiza chumvi, sugua kwa brashi laini, acha hadi siku nzima, kisha futa kwa kitambaa chenye maji mara kadhaa na uukaushe. Usifanye hivyo kwenye mpira asilia wala poliyurethani. Uzito wake unazidi kilo 3, na kwa mtu wa daladala hilo si dogo.

Koki ni chaguo lisilopewa heshima yake hapa mjini. Siyo koki ya bomba, ni lile gome la mti linalotengenezwa vizibo vya chupa za mvinyo. Ikiwa kavu inateleza kidogo, ikilowa inashika, kinyume cha karibu kila kitu kingine. Kwa planki ni nzuri sana. Kwa kubingirika ni ngumu mgongoni, na ikikunjwa vibaya inapasuka na kumeguka pembezoni. Ukiipenda, chagua iliyobandikwa juu ya mpira wa angalau milimita 4 na uinyunyizie maji kabla ya kuanza.

TPE, plastiki laini inayonyumbuka kama mpira, ni nyepesi, haina harufu, rangi mbili mbili za kupendeza, na wauzaji wanaipenda kwa sababu inabebeka. Kwa darasa la kawaida haina neno. Kwa darasa la joto inateleza karibu sawa na NBR, inaacha mashimo ya visigino, na ikisahaulika kwenye buti la gari saa saba mchana inajikunja isirudi. Vile vipande vya EVA, povu jepesi la plastiki, vinavyounganishwa kama fumbo la watoto viache sebuleni.

Dukani, shika mizani

Maneno ya lebo hayatoshi, maana Kariakoo na hata Instagram kila mkeka huitwa wa yoga na kila mpira huitwa asilia. Uzito haudanganyi. Kwa mkeka wa urefu wa sentimita 180 na upana wa 61 hivi, NBR ya milimita 10 ina karibu kilo moja, TPE ya milimita 6 iko chini ya kilo moja au hapo hapo, vinyli ya kawaida ya povu haifiki kilo moja na nusu. Mpira asilia wa milimita 4 hadi 5 una kilo 2.2 hadi 3. Ukiambiwa mpira asilia milimita 5 na mizani inasoma gramu 900, rudisha. Ile mizani ndogo ya kuning'iniza mabegi ya safari inatosha. Ukinunua kwa njia ya simu, omba picha ya mkeka ukiwa juu ya mizani na picha ya ukingo wake uliokatwa, pamoja na rula. Ukingo wa mkeka unaoutaka unaonyesha mpira mzito usio na matundu makubwa, na juu yake mstari mwembamba wa ngozi. Ukiona vitundu kama vya mkate, ni povu.

Halafu jaribio la maji. Nenda na kichupa cha kupulizia chenye maji safi. "Bosi, naomba nijaribu kabla sijalipa, nitaufuta" kwa kawaida inakubalika, na asiyekubali amekujibu tayari. Utandike sakafuni, weka viganja vikavu, mabega juu ya mikono, sukuma mbele kama kwenye planki. Kisha puliza mara tano mahali pa kila kiganja, tandaza maji kwa mkono, subiri sekunde thelathini, sukuma tena. Mkeka kushika ukiwa mkavu si sifa, karibu yote inashika. Angalia kama mkono uliolowa unasogea. Angalia pia kama ni mkono unaosogea au ni mkeka mzima unaosogea sakafuni, maana studio nyingi zina vigae na jasho likiingia chini ya mkeka mwepesi unateleza wote. Siku ya darasa, futa sakafu kwanza kabla ya kutandika. Vumbi la Dar peke yake linatosha kuufanya mpira usishike.

Kuhusu ukubwa sikupotezei muda: kwa urefu wako sentimita 173 zinakutosha kulala, lakini 180 zinakuachia nafasi kidogo ya ziada. Upana ndio wa kung'ang'ania. Kwenye sentimita 61 ukibingirika ukapotoka kidogo bega linatua kwenye kigae. Hizo sentimita tano au saba za ziada unazilipia mara moja.

Mkeka wa mpira wa vipimo nilivyokutajia ni kilo mbili na nusu hadi tatu. Hauwezi kuwa mwepesi ukashika, ndivyo ulivyo. Kamba ya begani yenye upana wa sentimita nne au tano inaufanya ubebeke, nyembamba inakata bega. Kwenye bajaji usiuegemeze upande wa injini.

Taulo

Taulo ya maikrofaiba ya sentimita 183 kwa 61 ina gramu kati ya 300 na 500, kwa hiyo hata ukiwa na mbili kwenye begi huzisikii. Tafuta yenye vidoti vya silikoni upande wa chini. Taulo ya kuogea ya pamba haifai, inajikunja na kukusanyika tumboni.

Kosa ambalo karibu kila mtu analifanya: anaitandika kavu na kuanza. Maikrofaiba kavu inateleza, ikilowa ndipo inashika. Puliza maji mara kumi hadi kumi na tano sehemu ya mikono na sehemu ya miguu kabla mwalimu hajaanza, jasho litamalizia kazi. Kwenye mkeka wa poliyurethani huna haja ya kuitandika tangu mwanzo. Anza bila taulo, na mkono wa kwanza ukianza kusogea, itandaze. Mfuatano ukiwa wa kubingirika, ikunje nusu iwe upande wa mikono tu, la sivyo itakuvingirisha kama chapati.

Ifue baada ya kila darasa, kwa sabuni ya kawaida, bila dawa ya kulainisha nguo. Dawa hiyo inapaka nyuzi mafuta, na taulo inaacha kunyonya. Ndiyo sababu ya kuwa nazo mbili: moja ikiwa kambani, nyingine iko kwenye begi. Tofauti na mkeka, taulo unaweza kuianika juani.

Na hii ndiyo njia ya kujikimu niliyokuahidi. Kama fedha ya mkeka wa mpira bado, tafuta mkeka wa kawaida wa vinyli wa milimita 4, ule mwembamba kabisa, ambao haununuliwi kwa bei ya kutisha, na utandike taulo iliyolowanishwa juu yake. Utashika vizuri kuliko ulivyo sasa. Usiitandike taulo juu ya ile povu ya milimita 15: taulo itashika, povu itaendelea kurefuka chini yake.

Uvundo, na jua la barazani

Umefanya jambo la busara kuuanika, isipokuwa jua ndilo linaloumaliza. Miale ya jua inakausha mpira asilia hadi unakatika vipande vidogo kama makombo, na TPE na NBR nazo zinakakamaa. Unachohitaji ni upepo na kivuli. Lakini kabla ya kuukausha, uoshe, maana harufu haitokani na jasho lenyewe. Inatokana na bakteria wanaokula mabaki yake, na hewa yenye unyevu inawapa muda wa kutosha.

Darasa likiisha, futa mkeka pande zote mbili kwa kitambaa kikavu kabla ya kuukunja. Ukunje upande wa kukanyagia ukiwa nje, ili siku nyingine kingo zilale sakafuni badala ya kunyanyuka. Ukifika nyumbani, usiuache kwenye mfuko hata kama umechoka. Changanya nusu lita ya maji na matone matatu au manne ya sabuni ya maji ya kuoshea vyombo. Chovya kitambaa, kikamue, futa, kisha futa tena kwa maji matupu hadi usione povu. Sabuni ikibaki, darasa lijalo itatoka na jasho na utateleza kuliko awali. Kama nyumbani mnatumia maji ya kisima yenye chumvi, na mitaa mingi ya Dar ina visima hivyo, futo la mwisho lifanye kwa maji ya bomba au ya kunywa. Chumvi ikikauka kwenye ngozi ya mkeka inavuta unyevu wa hewa na mkeka haukauki kabisa. Siki, spiriti, mafuta ya mchaichai na dawa za kung'arisha nguo viweke mbali na mpira na poliyurethani. Usiuloweke kwenye beseni wala kuutia kwenye mashine: ukishanyonya maji, hautakauka kabla ya darasa la tatu.

Kuning'iniza: kamba ya nguo ni nyembamba, inaacha mkunjo wa kudumu katikati. Utandaze juu ya migongo ya viti viwili, au juu ya bomba nene, feni ikiwa imeelekezwa kwake. Saa mbili hadi nne kila upande zinatosha msimu mkavu. Masika, Machi hadi Mei, acha usiku kucha na asubuhi ugeuze. Kujua kama umekauka, kandamiza karatasi ya tishu juu yake kwa sekunde kumi. Ikiinuka na unyevu wowote, bado. Umeme ukikatika usiku, uache wazi ulivyo, usiukunje kwa kudhani umekauka. Na ukishaona madoa meusi au ya kijani ndani ya ngozi ya poliyurethani, hayo ni ukungu ulioota mizizi, sabuni haiufikii. Kuuacha studio ili usiubebe kunavutia, lakini utakuwa umekunjwa mbichi kwenye rafu pamoja na mingine iliyokunjwa mbichi, na fangasi za miguu hazibishi hodi.

Huo ulio nao

Uoshe kama nilivyoeleza, uukaushe siku mbili kivulini, kisha utandike sakafuni uukate kwa kisu cha kukatia makatoni na rula ndefu. Pitisha kisu mara tatu au nne polepole, ukilazimisha mara moja povu linararuka. Unataka vipande vitatu.

Cha kwanza kiwe sentimita 80 kwa upana wote wa mkeka. Hiki kinawekwa chini ya mkeka mpya, sehemu inayoanzia chini ya makalio hadi kwenye mabega, siku mwalimu akitangaza kubingirika. Kikiwa chini, mpira mzito ulio juu unausambaza uzito wako kwenye eneo pana, na povu ambalo peke yake lilibanwa mpaka mwisho sasa halifiki mwisho. Ngozi inayoshika inabaki juu, panapohitajika. Kwa mazoezi ya kusimama kichomoe.

Cha pili, sentimita 30 kwa 40, ni cha magoti, na hiki kinakaa juu ya mkeka kwa sababu magoti hayatelezi kama viganja. Cha tatu kama hicho hicho ukunje mara mbili chini ya kichwa, kama shingo yako inapinda nyuma unapolala chali. Vyote vitatu vinaingia ndani ya mkunjo wa mkeka mpya, na vinaongeza kilo moja hivi.

Ukiwa unakata, tazama ndani ya povu. Likiwa na rangi moja hadi katikati, limepona. Sehemu yenye madoadoa meusi ndani ndiyo inayonuka, hiyo katilia mbali utupe, na vipande vyako vipime kwenye kilichobaki.